Tezi Iliyotoka Kinywani

Mimi ndiye yule ambaye kwenye gwaride la Jumatatu husimama mbele kabisa, si kwa utiifu bali kwa ufupi. Wenzangu wa kidato cha tatu wameniita "Nukta". Majuzi katika somo la bayolojia sauti ilitoka nyuma: "Mwalimu, Nukta hana pituitari!" Darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, lakini jioni nilikwenda maktaba.

Ninayo, jamani. Pituitari ni tezi ndogo kama punje ya minji, uzito wake nusu gramu hivi. Imekaa chini ya ubongo, katika kishimo cha mfupa ambacho wataalamu walikiita tandiko la Kituruki kwa sababu ya umbo lake. Ndiyo hutoa homoni ya ukuaji. Sote tunajua ina sehemu ya mbele na ya nyuma. Kumbe sehemu hizo si za tumbo moja!

Wiki nne hivi tangu mimba kutungwa, kiinitete kikiwa hakijafikia urefu wa punje ya mchele, paa la kinywa hujikunja na kupanda juu kama kifuko. Mjerumani Martin Rathke alikieleza mwaka wa 1838, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Wakati huohuo sakafu ya ubongo huteremka kukilaki. Vikishagusana, seli za ubongo hutoa kemikali zinazoziamuru seli za kifuko ziongezeke. Bila kemikali hizo kifuko hudumaa. Baadaye kifuko hukatika kutoka kinywani, kikaungana na ubongo moja kwa moja. Basi sehemu ya mbele ya tezi ni mtoto wa kinywa, ya nyuma ni mtoto wa ubongo.

Ndani ya kifuko, seli huanza zikiwa zimefanana. Kisha hugawana kazi kutegemea kila moja iko wapi na imepokea kemikali gani: hizi za ukuaji, hizi za maziwa ya mama, hizi za kuiamrisha tezi ya shingoni, nyingine za uzazi na kadhalika. Makundi matatu ya kwanza huhitaji protini iitwayo Pit-1. Panya wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake hukosa makundi hayo, wakabaki vibeti. Watu wenye hitilafu hiyo wapo pia, nao hutibiwa kwa kupewa homoni zinazokosekana.

Lililonikosesha usingizi ni hili. Mwaka wa 2011 wanasayansi wa Japani, akiwemo Yoshiki Sasai, walikuza katika chombo seli za kiinitete cha panya ambazo bado hazikuwa zimechagua kazi. Hakuna aliyezifinyanga. Zilijikunja zenyewe kuwa kifuko kama cha Rathke, na zilipopandikizwa kwa panya walioondolewa pituitari, zikatoa homoni!

Nilimwuliza mwalimu kama nikapimwe.

"Mama yako ni mrefu?"

"Hunifikia sikioni, mwalimu."

"Na baba?"

Nikanyamaza. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.