Duka la Samuye na winga wa Kariakoo

Biashara ya rejareja Samuye, kwenye barabara ya Tinde kwenda Shinyanga, hufuata mavuno. Fedha huingia pamba, mpunga, choroko na dengu zinapouzwa, kuanzia Mei na miezi michache baada yake, kisha hukauka hadi Februari na Machi, wakati mauzo mengi huishia kwenye daftari la madeni. Nje ya kilimo kuna fedha ya machimbo. Vijana waliokwenda Mwakitolyo, Kahama au Geita hutuma fedha nyumbani duara, yaani shimo la dhahabu, likitoa, na hunyamaza lisipotoa. Mwenye duka anayetaka kujua kama mwezi utakuwa mzuri huuliza habari za mvua, bei ya pamba na machimbo, na siku hizi huuliza pia watu wanaagiza nini kwenye simu.

Bidhaa za maduka haya ni za aina mbili, na mtandao haukuzigusa kwa kiasi kimoja. Sukari ya robo kilo, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, chumvi na kiberiti bado ni mali ya duka la jirani, kwa kuwa hakuna atakayeagiza mafuta ya shilingi mia tano kutoka Dar es Salaam. Lakini vitu hivyo vina faida ndogo. Faida iliyokuwa ikilisha duka ilitoka upande wa pili: viatu, nguo, vitenge, mabegi ya shule, vyombo, simu na chaja zake. Hapo ndipo wateja wanapohamia.

Hawahamii kwenye masoko makubwa ya mtandaoni yanayotajwa kwenye semina za wafanyabiashara. Soko la namna hiyo lililokuwa na jina kubwa barani Afrika lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wateja wengi wa vijijini hawakuona tofauti. Biashara ya mtandaoni inayofika Samuye inaendeshwa na winga wa Kariakoo, Dar es Salaam. Huyu mara nyingi hana duka wala mzigo. Hupiga picha bidhaa za wenye maduka, huziweka WhatsApp, Instagram au TikTok, na mteja akikubali bei hununua kwa mwenye mali na kubaki na cha juu. Malipo hutangulia kwa simu. Mzigo hufungwa, huandikwa jina na namba ya simu, hupakiwa kwenye basi la Mwanza, na hupokelewa stendi ya Shinyanga au hushushwa njiani kwa maelewano na kondakta. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nyumba zilipewa namba na barabara majina katika operesheni ya anwani za makazi, na moja ya faida zilizoelezwa ni kurahisisha kufikisha bidhaa mlangoni. Vibao vipo, lakini mzigo bado unaishia kwenye buti la basi na bodaboda.

Malalamiko ya mwenye duka mmoja wa viatu, nguo na vyakula, ambaye hakutaka jina lake litajwe, yanabeba hoja nyingi za wenzake. Anasema mteja huja dukani kujaribu kiatu apate namba yake, huuliza bei, hutoka, na baada ya siku tatu huonekana amevaa kiatu kilekile kilichokuja na basi. Kikimbana, humrudia yeye akitaka wabadilishane, maana winga harudishiwi kitu. Hilo, anasema, lingevumilika. Kinachomuuma ni kwamba mteja huyohuyo ana deni lake la unga, sukari na madaftari ya watoto tangu masika. Fedha taslimu inakwenda Dar es Salaam, deni linabaki Samuye. Anaongeza kwamba yeye ana leseni, analipa kodi ya pango na kodi ya serikali, na analindiwa duka usiku kwa mchango, wakati anayemnyang'anya wateja anafanya kazi kwa simu moja akiwa amesimama kwenye kibaraza cha mtu.

Malalamiko hayo yana upande ambao mlalamikaji huutaja kwa sauti ndogo. Na yeye ni mteja wa winga. Zamani alifuata mzigo Kahama au Mwanza, au alisafiri hadi Kariakoo, akala nauli, malazi na siku kadhaa za kufunga duka. Sasa huchagua kwa picha na kutuma fedha. Mtandao umempunguzia gharama ya kununua na kumpunguzia wateja kwa wakati mmoja, na hakuna hesabu ya wazi ya kipi kimezidi kingine. Wenye mtaji wa kununua dazeni mbili tatu huenda bado wanafaidika. Anayenunua pea sita hupewa bei isiyotofautiana sana na ile anayopewa mteja wake.

Kwa maofisa, picha ni ya maendeleo. Mmoja wao, anayeshughulikia biashara, hutanguliza takwimu ya akaunti za fedha za simu: hadi mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa zimezidi milioni 60 nchini, na kwake huo ni ushahidi kwamba soko la kidijitali limeshafika kijijini. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa polepole. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, vichanga wakiwemo. Akaunti zinazokaribia au kuzidi idadi ya watu wote haziwezi kuwa ni watu. Ni laini, na mtu mmoja hubeba mbili au tatu kwa sababu ya mtandao unaoshika na vifurushi vilivyo nafuu. Zaidi ya hapo, kuwa na akaunti si kufanya biashara. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala kulingana na kiasi, watu wengi walirudi kwenye fedha mkononi. Viwango vilipunguzwa mara kadhaa na tozo ya kutuma ikafutwa katika bajeti ya 2023/24, lakini tahadhari ya wateja haikufutika kwa tangazo.

Hatua za kuwasaidia wafanyabiashara wadogo si haba, ila nyingi huanza na karatasi. Kodi ya makadirio huanza mauzo yakivuka shilingi milioni 4 kwa mwaka, sawa na kama shilingi 11,000 kwa siku, kiasi ambacho duka la kawaida la kijijini hukipita kwa sukari na unga pekee. Asiyetunza kumbukumbu, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na 7, hulipa 100,000 kwa mwaka, awe amepata faida au amekula hasara. Mwaka 2025 mamlaka ya kodi iliwataka wauzaji wa mtandaoni nao wajisajili. Ni jambo la haki, lakini winga asiye na anwani atakamatwa vipi, maelezo hayajawa wazi. Bajeti ya 2025/26 ilileta pia kiwango cha VAT cha asilimia 16 badala ya 18 kwa mlaji anayelipa kwa njia ya benki au ya kielektroniki. Punguzo hilo linaweza kumnufaisha mteja wa duka kubwa la mjini. Duka la Samuye, ambalo mauzo yake hayafiki kiwango cha kusajiliwa VAT cha shilingi milioni 200 kwa mwaka, halina VAT ya kupunguza.

Agizo la Julai 2025 lililowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja na uwakala wa fedha za simu zikiwemo, lilipokewa vizuri Kariakoo. Vijijini limegusa kidogo, kwa sababu mshindani wa duka la Samuye ni Mtanzania mwenzake.

Penye uzito zaidi ni mtaji. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Sharti la kikundi linamfaa mfugaji wa kuku au fundi cherehani. Mwenye duka la peke yake, hasa mwanamume aliyepita umri wa vijana, hana mlango hapo. Anayebanwa Januari, shule zinapofunguliwa na daftari likiwa limejaa, hukimbilia mikopo ya kausha damu, inayolipwa kila siku au kila wiki na inayoweza kumaliza duka haraka kuliko winga yeyote.

Hapa ndipo hoja ya kuyasaidia maduka haya inapopotoka mara kwa mara. Semina humfundisha mwenye duka kupiga picha bidhaa na kufungua ukurasa, kana kwamba kinachomshinda ni simu. Simu anaijua. Wengi ni mawakala wa fedha, na wengine wamekuwa wapokeaji wa mizigo ya majirani: hukagua, hulipia nauli ya basi, hudai kamisheni ndogo. Kinachowabana ni daftari. Duka linalokopesha kijiji kizima kutoka masika hadi mavuno linafanya kazi ya benki bila riba na bila dhamana, na katika mikopo inayotangazwa, mwenye duka huyo haonekani kukusudiwa.

Wapo wauzaji wa jumla wa Kahama na Shinyanga wanaoendelea kutoa mali kauli kwa wateja wa muda mrefu, mzigo leo, malipo baada ya mnada. Utaratibu huo ukibaki, maduka ya vyakula yana nafasi ya kuendelea. Maduka ya viatu na nguo yako pabaya zaidi, ingawa utapeli wa mtandaoni, kiatu kinachokuja tofauti na picha au kisichokuja kabisa, huwarudisha wateja kwa makundi kila baada ya muda. Bei ya pamba ikiwa nzuri, wote watapumua kwa msimu mmoja. Kuhusu kitakachofuata baada ya hapo, hata wenye maduka wenyewe hawakubaliani.