INJINI YANGURUMA, CHOMBO HAKIENDI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Mwalimu asome kwanza, kisha kila mmoja asome fungu lake kwa sauti.

Leo tutazungumza juu ya injini na rafadha. Rafadha ni lile panga linalozunguka nyuma ya boti au mbele ya ndege. Watu wengi huliita propela. Kazi yake ni kusukuma maji au hewa kwenda nyuma, ili chombo kiende mbele.

Wako watu wasemao, "Hayo ni mambo ya mafundi." Lakini fundi yuko mjini, na wewe uko baharini. Kutoka Ushongo hata kisiwa cha Maziwe si mbali. Hata hivyo, injini ikizima njiani wakati wa kusi, upepo na mkondo vitakuchukua kaskazini, wala havitakungoja. Basi ni faida kwako kujua namna ya kutafuta ugonjwa wa injini.

Tazama kwanza habari ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani. Mwaka 1903 walijenga ndege yao wenyewe. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 12 hivi, nayo ilizungusha rafadha mbili kwa minyororo mfano wa ile ya baiskeli.

Mwezi wa Novemba 1903 waliijaribu injini ile huko Kitty Hawk. Haikuwaka sawasawa; ilishtuka-shtuka. Kushtuka kule kukalegeza rafadha na kuharibu shafti zake, yaani vyuma vinavyozizungusha. Shafti zikapelekwa Dayton zikatengenezwa. Ziliporudi, magurudumu ya meno yakalegea, nao wakayakaza kwa gundi ya mipira ya baiskeli. Mwisho wa mwezi wakaona shafti moja ina ufa. Hawakusema, "Ufa ni mdogo, na turuke tu." Orville alirudi Dayton akatengeneza shafti nyingine. Zile za kwanza zilikuwa bomba, wazi ndani. Hizi mpya zilikuwa za chuma kigumu kisicho wazi. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka mara nne. Mara ya kwanza walikaa hewani sekunde 12, na mara ya mwisho sekunde 59.

Tunajifunza nini hapa? Ugonjwa ulionekana kwenye shafti, lakini chanzo kimoja kilikuwa injini iliyoshtuka. Kwa hiyo usitazame palipovunjika tu. Jiulize, "Ni nini kilichopavunja?"

Sasa tuje kwenye boti yako. Injini ikileta matata, tia nanga kwanza kama kina kinaruhusu, ili usichukuliwe. Kisha tafuta kwa utaratibu.

Kwanza: injini haiwaki, au inawaka kisha inazima. Tazama kamba ya usalama. Ikichomoka, injini haitawaka. Tazama petroli. Fungua skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, hewa haiingii, na petroli haitoki. Angalia kama mpira wa petroli umejikunja. Kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa au ina masizi, ifute na kuikausha. Usivute sigara hapo, wala usiwashe kiberiti. Mvuke wa petroli hushika moto upesi.

Pili: injini inapata moto kupita kiasi. Injini nyingi za boti hutoa kijito cha maji pembeni. Maji hayo ndiyo yanayopoza injini. Kijito kikikoma, zima mara moja. Huenda mwani, matope au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuingizia maji. Usipozima, vyuma vya ndani vitaungua, na gharama yake ni kubwa.

Tatu: injini yanguruma sana, lakini boti haiendi. Hapo nguvu ya injini haifiki majini. Zima injini, chomoa kamba ya usalama, ndipo uguse rafadha. Kamwe usiiguse kabla ya hapo, maana hukata vidole. Ondoa nyavu, kamba au mshipi uliojizungusha. Katika injini ndogo nyingi iko pini inayoshika rafadha. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika makusudi, ili gia zisivunjike. Tia pini nyingine ya aina ile ile. Usitie msumari mgumu mahali pake. Msumari hautakatika, zitakazovunjika ni gia. Pini ni kitu kidogo cha bei ndogo. Chukua mbili tatu kila safari, pamoja na koleo na bisibisi.

Nne: boti inatetemeka. Weka gia huru na uongeze mwendo wa injini kidogo. Kama mtetemo umekwisha, shuku rafadha au shafti yake. Kama mtetemo ungaliko, shuku injini, hasa plagi isiyowaka. Ukifika pwani, pima rafadha hivi. Injini ikiwa imezimwa, na kamba imechomolewa, simamisha kijiti karibu na ncha ya panga moja. Zungusha rafadha polepole kwa mkono. Kila panga lipite karibu na kijiti kwa umbali ule ule. Panga lisilopita sawa limepinda.

Tazama pia oili ya gia kila mara fundi anapoibadili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi mshipi wa kuvulia umekata mpira unaozuia maji kwenye shafti.

Usisahau kafi, maji ya kunywa na jaketi la kuokolea. Injini njema nayo huzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu Wright waliuona ufa wa shafti yao wakiwa bado nchi kavu. Wewe nawe, tafuta ufa wako kabla ya kung'oa nanga.

MASWALI
1. Kwa nini pini hukatika makusudi?
2. Kijito cha maji kikikoma, utafanya nini?
3. Boti inatetemeka. Utajuaje kama ugonjwa ni wa injini au wa rafadha?
4. Andika majina ya vitu vitano utakavyochukua safarini.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.