Kwa Nini Wimbo wa Miaka ya Sitini Husikika Mpya Ukifanyiwa Rimasta

Wimbo unaorudishwa sokoni baada ya miaka arobaini au hamsini, ukiwa umefanyiwa kazi upya kwa mitambo ya kisasa, hupokewa na wapenzi wake kwa kauli inayofanana karibu kila mara, nayo ni kwamba wamesikia ndani yake vitu ambavyo hawakuwahi kuvisikia, ijapokuwa wimbo wenyewe wameukariri tangu ujana wao. Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu imebeba mambo matatu yaliyochanganyika, yaani sauti ambazo kwa hakika zilikuwamo katika kanda lakini hazikufika kwa msikilizaji, tabia za sikio la binadamu ambazo zinaweza kumfanya akidhani kilicho kikubwa kuwa ndicho kilicho bora, na kumbukumbu ya ubongo ambayo huipa furaha hiyo nguvu yake. Mfano unaosaidia kuyatenganisha mambo hayo ni "Tomorrow Never Knows", wimbo wa kundi la The Beatles la Uingereza uliofunga albamu ya Revolver ya tarehe 5 Agosti 1966, ukafanyiwa rimasta mwaka 2009, kisha ukachanganywa upya mwaka 2022.

Sauti zilivyonaswa mwaka 1966

Kurekodi kulianza tarehe 6 Aprili 1966 katika studio za EMI zilizopo barabara ya Abbey Road jijini London, chini ya prodyuza George Martin na fundi sauti Geoff Emerick, kijana ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20. Taratibu za EMI zilikataza maikrofoni kusogezwa karibu mno na ngoma kubwa ya dramu, kwa hofu kwamba msukumo wa hewa ungeiharibu, lakini Emerick aliisogeza hadi ikabaki inchi chache tu, akaingiza sweta ya sufu ndani ya ngoma ili kuuzima mwangwi wake, na mwisho akaipitisha sauti hiyo katika kompresa, yaani mtambo unaopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo. Mapigo ya mpiga dramu Ringo Starr yakapata uzito na ukaribu ambao haukuwa wa kawaida katika santuri za wakati huo.

Sauti ya mwimbaji John Lennon nayo ilifanyiwa mambo mawili. Katika sehemu ya kwanza ya wimbo ilirudufiwa kwa mbinu iliyobuniwa na Ken Townsend, fundi wa studio hizo, ambapo sauti ileile huchezwa na mashine ya pili ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hivyo sikio likadhani kwamba mwimbaji ameimba mara mbili. Katika sehemu ya pili ilipitishwa katika spika ya Leslie, ambayo hutumiwa na kinanda cha Hammond na ambayo sehemu zake huzunguka, na mzunguko huo ndio unaoifanya sauti iyumbe kana kwamba inatoka mahali pa mbali na pa juu.

Kilichoupa wimbo huo sura yake ya pekee, hata hivyo, ni pete za kanda, yaani vipande vifupi vya kanda ya sumaku vilivyounganishwa ncha kwa ncha ili vijirudie bila kukoma. Paul McCartney, mwenzake Lennon katika kundi, alikuwa ametengeneza pete za namna hiyo nyumbani kwake, na tarehe 7 Aprili pete tano zilichezwa kwa wakati mmoja kutoka mashine zilizotawanywa katika vyumba mbalimbali vya jengo, huku wafanyakazi wakizishikilia kwa penseli ili zisilegee, na mafundi kwenye meza ya kuchanganyia sauti wakipandisha na kushusha kila moja kadiri wimbo ulivyokuwa ukiendelea. Sauti ambayo wasikilizaji wengi huidhania kuwa ya shakwe wa baharini, kwa mfano, asili yake ni kicheko cha binadamu kilichoharakishwa. Kwa kuwa mpangilio huo ulifanywa kwa mikono na papo hapo, hakuna awezaye kuurudia vilevile, na kwa sababu hiyo kanda iliyounasa ina thamani ya hati ya kihistoria.

Tofauti ya rimasta na rimiksi

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi, ingawa yanataja kazi mbili tofauti kabisa. Studio za EMI zilirekodi kwenye kanda yenye njia nne, maana yake ni kwamba vyombo na sauti zote ziligawanywa katika mistari minne inayokwenda sambamba, kisha mistari hiyo ikachanganywa kuwa wimbo uliokamilika, ambao ulihifadhiwa katika kanda nyingine inayoitwa masta. Rimasta huanzia kwenye masta hiyo iliyokwisha kuchanganywa, ikaisafisha, ikarekebisha uwiano wa besi na sauti nyembamba, na kuiandaa kwa chombo kipya cha kusikilizia, ilhali rimiksi hurudi nyuma hadi kwenye zile njia nne na kuupanga wimbo upya. Ni tofauti iliyopo kati ya kufua na kupiga pasi kanzu iliyokwisha kushonwa, na kuifumua kanzu hiyo ili kitambaa kilekile kishonwe upya kwa mkato mwingine.

Rimasta ya mwaka 2009, iliyotolewa tarehe 9 Septemba, ilikuwa kazi ya kwanza ya aina hiyo kufanywa kwa albamu zote za kundi hilo tangu zilipoingia kwenye diski za CD mwaka 1987. Mafundi wa Abbey Road waliifanya kwa muda wa miaka minne, wakianza na kuhamisha kila wimbo kutoka masta ya kanda hadi mfumo wa kidijitali kwa kupima mawimbi ya sauti mara 192,000 kwa sekunde, kiwango kinachozidi kwa mbali uwezo wa sikio la binadamu, ambalo likiwa zima na changa husikia masafa kati ya hezi 20 na hezi 20,000. Kanda hizo hazikuwa na tatizo la kumomonyoka kwa tabaka la sumaku linaloziathiri kanda nyingi za miaka iliyofuata, lakini ziliacha vumbi kidogo kwenye vichwa vya mashine, na kwa hiyo vichwa hivyo vilisafishwa baada ya kila wimbo kabla ya unaofuata kuchezwa. Programu za kuondoa mvumo wa kanda zilitumika kwa chini ya dakika 5 tu kati ya dakika 525 za muziki wote, kwa kuwa mvumo huo na sauti za juu za matoazi hukaa katika masafa yaleyale, na anayeufuta mvumo bila uangalifu huziua na sauti hizo.

Swali linalobaki ni hili: ikiwa mafundi hawakuongeza kitu, wasikilizaji walisikia nini kipya? Sehemu kubwa ya jibu imo katika santuri. Sindano ya gramafoni hufuata mfereji uliochongwa kwenye plastiki, na besi yenye nguvu nyingi huufanya mfereji huo uyumbe sana kiasi kwamba katika gramafoni za bei nafuu sindano iliweza kuruka, hivyo wachongaji wa santuri wa EMI walikuwa na desturi ya kupunguza besi. Wanamuziki wenyewe walilalamika kwamba santuri za Marekani zilikuwa na besi nzito kuliko zao. Msikilizaji wa 2009 aliyesema kwamba kwa mara ya kwanza ameihisi besi kifuani hakuwa akijidanganya, kwani alikuwa akiisikia kanda kwa ukaribu ambao mnunuzi wa santuri wa 1966 hakuupata.

Akili mnemba yaingia studio

Rimiksi ya Revolver, iliyotolewa tarehe 28 Oktoba 2022 na kusimamiwa na Giles Martin, mwana wa George Martin, ilikabiliwa na kikwazo kikubwa zaidi. Kwa kuwa njia zilikuwa nne tu, vyombo kadhaa vililazimika kushirikiana njia moja, na katika wimbo "Taxman" wa albamu hiyohiyo dramu, besi na gitaa vilirekodiwa pamoja, kiasi kwamba katika toleo la zamani la stirio vyote vitatu hutoka upande wa kushoto. Kwa miaka mingi vitu vilivyochanganyika namna hiyo vilihesabiwa kuwa haviwezi kutenganishwa tena.

Ufumbuzi ulipatikana kwa teknolojia iliyoendelezwa na kikundi cha mtengenezaji filamu Peter Jackson wa New Zealand wakati wa kuandaa filamu ya Get Back ya mwaka 2021. Sauti hugeuzwa kwanza kuwa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha ni masafa gani yana nguvu kiasi gani katika kila kipande cha wakati, kisha programu ya akili mnemba, iliyofunzwa kwa mifano mingi ya vyombo vilivyorekodiwa peke yake, hukadiria ni sehemu ipi ya picha hiyo inatokana na dramu, ipi na besi na ipi na gitaa, na kila sehemu hugeuzwa tena kuwa sauti inayojitegemea. Kwa njia hiyo dramu zinaweza kuwekwa katikati na gitaa likapelekwa pembeni, nafasi ambazo meza ya 1966 haikuweza kuzitoa.

Hapo ndipo elimu ya usikivu inapoingia. Ndani ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono kinachoitwa kochlea, ambacho hugawa sauti kwa masafa, na sauti mbili zinapogongana katika masafa yanayokaribiana kwa wakati mmoja, ile yenye nguvu huifunika dhaifu hata isisikike, hali ambayo wataalamu huiita ufunikaji. Vyombo vikitenganishwa, kimoja kikaenda kushoto na kingine kulia, ubongo hutumia tofauti ya masikio mawili kuvipambanua, na kile kilichokuwa kimefunikwa hujitokeza. Mpenzi wa wimbo anayesema amegundua gitaa jipya amesikia kitu cha kweli ambacho kilikuwapo siku zote.

Mtego wa sauti kubwa

Pamoja na hayo, sikio lina udhaifu ambao watengenezaji wa muziki wameutumia vibaya. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo sikio hupunguza uwezo wa kusikia besi kwa kiasi kikubwa kuliko masafa ya kati, na kwamba upungufu huo hupungua sauti inapoongezwa. Matokeo yake ni kwamba wimbo uleule ukipandishwa desibeli moja au mbili huonekana kuwa mnene na wa kupendeza zaidi, hata kama hakuna kilichobadilika ndani yake. Kati ya miaka ya 1990 na 2000 kampuni nyingi zilishindana kutoa diski zenye sauti kubwa zaidi kwa kubana tofauti kati ya vilele na mabonde ya sauti, na rimasta nyingi za kipindi hicho zilisifiwa siku ya kwanza lakini zikachosha masikio baada ya muda. Mafundi wa 2009 walijizuia, kwani masta za mono, yaani zenye mkondo mmoja tu wa sauti, hazikubanwa kabisa na zile za stirio zilibanwa kwa kiasi, na uamuzi huo una mchango mkubwa katika heshima ambayo kazi yao imeipata. Kipimo cha haki kwa yeyote anayelinganisha matoleo mawili ni kuyasawazisha kwanza kwa ukubwa wa sauti, na hapo ndipo atakapojua kama anachokipenda ni wimbo au ni desibeli.

Ubongo unaoujua wimbo

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Mwaka 1999 Glenn Schellenberg na wenzake walichapisha utafiti ambamo wasikilizaji walitambua nyimbo maarufu kwa vipande vya milisekunde 100, muda usiotosha hata kubeba melodia, na utambuzi huo ulitegemea sauti za masafa ya juu zinazobadilika haraka, yaani rangi ya sauti yenyewe. Mwaka 2010 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba vipande vya milisekunde 400 viliwatosha wasikilizaji kutaja msanii na jina la wimbo katika zaidi ya robo ya majaribio. Inafuata kwamba mpenzi wa wimbo hahifadhi melodia na maneno tu, bali huhifadhi pia umbile la sauti kwa undani, na rimasta inapolibadilisha umbile hilo hata kwa kiasi kidogo yeye hutambua mara moja.

Utafiti wa Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao jijini Montreal, uliochapishwa mwaka 2011, uliongeza kwamba muziki anaoupenda mtu huufanya ubongo wake utoe dopamini, kemikali inayohusika na hamu na thawabu, katika hatua mbili, kwanza anapoingojea sehemu anayoipenda na kisha sehemu hiyo inapofika. Matokeo hayo yanatoa maelezo yanayoridhisha kuhusu wimbo wa zamani uliosafishwa, kwa kuwa msikilizaji anajua kwa yakini mapigo yajayo, akayangoja, na yanapofika yanakuja yakiwa na kitu cha ziada ambacho matarajio yake hayakukihesabu. Wimbo mpya kabisa hauwezi kumpa furaha ya namna hiyo, na wimbo ambao haukubadilika hata chembe hauwezi pia.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya wapenzi hukataa rimiksi kwa nguvu, kwani mabadiliko yakipita kiasi matarajio huvunjika badala ya kuzidishwa, na kinachosikika hakifanani tena na kile walichokipenda. Upinzani wao una msingi wa kihistoria pia, maana mwaka 1966 mchanganyiko wa mono ndio uliopewa kipaumbele katika studio, na mkusanyiko mkubwa wa Revolver wa 2022 ulifanya vyema kuuweka mchanganyiko huo wa awali pamoja na ule mpya. Programu za kutenganisha sauti zitazidi kuwa hodari, na kila kizazi cha mafundi kitakuwa na lake la kufanya juu ya wimbo huu, lakini hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoweza kupimwa uaminifu wake endapo toleo la kwanza halitabaki mikononi mwa wasikilizaji, ambao masikio yao yamelikariri kuliko mtambo wowote.