Kazi ya Kufundisha Mazoezi: Maisha ya Bibi Judi Sheppard Missett

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: ujuzi, mkataba, asilimia. Leo tutayaeleza kwa habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyeyafanya mazoezi ya mwili kuwa biashara.

Najua wengine mtacheka. Nani atalipa fedha ili atoke jasho? Hapa Unyamwezi wazee wetu walitoka jasho, na wao ndio waliolipwa. Kabla reli haijafika Tabora mwaka wa 1912, mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 30 hivi, akaenda kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi. Wanawake nao walikuwamo katika misafara, wakichukua vyungu, mikeka na vyakula. Watu wale hawakuhitaji mwalimu wa mazoezi. Lakini mtu akaaye kitini kutwa nzima, mwili wake hulegea. Katika miji mikubwa watu wa namna hiyo ni wengi, na hao ndio waliompa Bibi Missett kazi.

Bibi huyu alizaliwa mwaka wa 1944. Tangu utoto alijifunza kucheza dansi, akaendelea hata alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Huo ndio ujuzi wake. Ujuzi ni jambo ulilojifunza mpaka mikono yako, au miguu yako, ikalizoea.

Mwaka wa 1969 alikuwa akifundisha dansi katika mji wa Evanston, karibu na Chicago. Wanawake walikuja kujifunza, lakini baada ya siku chache waliacha. Mwalimu mwingine angesema, "Hawa ni wavivu." Yeye aliwauliza kwa nini wanaacha. Wakamjibu kwamba hawakutaka kuwa wachezaji wa jukwaani. Walitaka tu miili yenye afya na umbo zuri. Basi alifanya mambo mawili. Kwanza, alirahisisha hatua za dansi. Pili, aliwageuza wakakipa mgongo kioo kikubwa cha ukutani, wasiyaone makosa yao na kuona haya. Mwalimu akawa ndiye kioo chao. Darasa likajaa. Baadaye mazoezi hayo yaliitwa Jazzercise, jina lililounganisha muziki wa jazi na neno la Kiingereza lenye maana ya mazoezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia upande wa San Diego, California. Huko wanafunzi walizidi, na yeye alifundisha kipindi baada ya kipindi, akipaza sauti juu ya muziki. Mwishowe sauti iliharibika. Daktari akamwonya apunguze kazi. Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Biashara yote ilikuwa ndani ya koo la mtu mmoja. Koo likifunga, biashara nayo inafunga.

Mwaka wa 1977 alichagua wanafunzi wake 5, akawafundisha kuwa walimu. Na kwa kuwa San Diego ni mji wa manowari, baadhi ya walimu wake walikuwa wake za wanajeshi. Waume zao walipohamishwa, wao waliondoka na ujuzi, wakafungua madarasa mahali pengine. Ndivyo mambo yalivyosafiri hata katika njia yetu ya zamani: penye mtu palifika mzigo, na penye mzigo zilifika pia habari na desturi.

Lakini madarasa yakiwa mengi na mbali, nani ataona kwamba yote yanafundisha vizuri? Na fedha zigawanywe vipi? Hapa twafika kwenye neno mkataba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bibi Missett alifanya mapatano na walimu wake. Kila mwalimu alikuwa na darasa lake mwenyewe, akatumia jina la Jazzercise, akaletewa mazoezi mapya katika kanda za video. Naye mwalimu alitoa sehemu ya mapato yake kwa kampuni. Sehemu hiyo huhesabiwa kwa asilimia, maana yake sehemu katika kila mia. Tuseme darasa limepata shilingi 10,000, na mkataba unasema asilimia 20. Basi shilingi 2,000 zaenda kwa mwenye jina, na 8,000 zabaki kwa mwalimu. Lakini zile 8,000 si faida yote. Humo atalipa kodi ya nyumba.

Wapagazi wetu walilijua jambo hili. Walipatana ujira na posho kabla ya kufunga mizigo. Wakiona mapatano yamevunjwa, waliweza kuitua mizigo na kwenda zao. Tofauti ni kwamba sisi leo mapatano yetu yamo katika karatasi, na karatasi haimwambii neno asiyejua kusoma. Mama anayetia dole gumba chini ya mkataba asioweza kuusoma, huenda ametoa asilimia 20, huenda ametoa 60. Hajui mpaka siku ya hesabu.

Mwaka wa 1984 walimu wa Bibi Missett walicheza katika sherehe za kufungua Michezo ya Olimpiki, Los Angeles. Baada ya hapo kazi yake ilienea katika nchi nyingi. Lakini ilianza kwa mwalimu mmoja aliyeuliza kwa nini wanafunzi wake wanaacha.

Sasa tazameni hapa kwetu. Yuko mama ashonaye nguo vizuri, yuko asukaye nywele, yuko ajuaye kusafisha asali ya Tabora na kuifunga. Kila mmoja anategemea mikono yake miwili tu. Akiugua, nyumba nzima yaona njaa.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini Bibi Missett aliwageuza wanafunzi wake wasikitazame kioo?
2. Darasa limepata shilingi 30,000. Mkataba unasema asilimia 10. Mwenye jina apata shilingi ngapi?
3. Wewe una ujuzi gani, na ni nani utakayemfundisha?