Mzee anayesahau: ni uzee, ni ugonjwa, au ni uchawi?

Katika vijiji vyetu vya bonde la Ruzizi, Luberizi na kwingine, si jambo geni kusikia watu wakitaja habari za mama mzee fulani kwa sauti ya chini. Anatoka nyumbani usiku, wala hajui anakokwenda. Anamwambia mkamwana wake, «Umeniibia pesa», kumbe pesa ameziweka yeye mwenyewe chini ya mkeka. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Kabla ya mapambazuko wanamkuta amesimama mbele ya mlango wa jirani, na akiulizwa sababu hana jibu. Wengine wanasema, «Ni uzee tu.» Wengine wanasema neno baya zaidi, «Ni mchawi.»

Ndugu mapadri, waseminari na makatekista, majibu hayo mawili yote yana hasara. La kwanza linamwacha mgonjwa bila msaada. La pili linaweza kumwua. Mwaka 2021 wanawake walioshtakiwa uchawi waliuawa hapa Kivu ya Kusini, hata katika territori ya Uvira, ambamo Luberizi imo. Sisemi kwamba kila mmoja wao alikuwa mgonjwa. Nasema hivi: mtu anayetembea usiku na kusema maneno yasiyoeleweka anaonwa upesi kuwa mchawi, na kuna ugonjwa unaoleta mambo hayo hayo. Kwa hiyo inafaa tuujue ugonjwa huo, na tujue namna unavyoweza kutambuliwa mapema.

I. Ni ugonjwa gani?

Waganga wanauita demensia. Si pepo, wala si adhabu. Ni kuharibika kwa ubongo pole pole, hata akili inapunguka kuliko inavyostahili umri wa mtu. Namna yake inayojulikana zaidi ina jina la mganga Mdachi, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepoteza akili kabla ya kuwa mzee sana. Kisha kufa kwake, ubongo wake ulichunguzwa, ukaonekana umeharibika. Namna nyingine inatoka katika mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye damu kupanda au waliokwisha kupigwa na kiharusi.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 katika dunia nzima walikuwa na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi maskini na zile za katikati. Basi tusiseme kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanyika Bangui na Brazzaville katika miaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 65 na zaidi, karibu 8 wa Bangui na 7 wa Brazzaville walikuwa nao.

Namna gani kutofautisha ugonjwa na uzee? Mzee mzima anaweza kusahau jina la mtu, kisha analikumbuka jioni. Anaweza kusahau alipoweka kisu, lakini hasahau kazi ya kisu. Mgonjwa anarudilia swali moja mara tano katika saa moja. Anapotea katika njia ya shamba aliyoipita miaka arobaini. Mama aliyepika foufou maisha yake yote anaanza kuchanganya kazi, anaacha chungu motoni. Mzee aliyekuwa mpole anakuwa mwenye hasira au mwenye kudhania watu mabaya. Alama kubwa ni hii: mambo hayo yanaharibu kazi zake za kila siku, na yanaendelea kuzidi mwezi kwa mwezi.

II. Kipimo kinachomfaa mzee asiyesoma

Waganga hawana mashine ya kufunua akili kwa mara moja. Wanaanza kwa maswali. Kipimo kimoja kilichoenea dunia nzima kilitungwa Marekani mwaka 1975, nacho kina maksi 30. Ndani yake mtu anaulizwa tarehe, anaambiwa kusoma amri na kuitimiza, kuandika sentensi, kuchora umbo lenye pembe, tena kutoa 7 katika 100 mara kwa mara.

Fikirini sasa mama mzee wa Luberizi ambaye hakukanyaga darasa. Hakushika kalamu hata siku moja. Lakini anajua mbegu zake, anajua madeni yote ya soko, anajua ukoo wake mpaka kizazi cha tano. Mkimpa kipimo kile, ataanguka. Je, ni akili iliyoanguka? Hapana, ni shule aliyoikosa. Kipimo kibaya kinaweza kumhukumu mtu mzima sawasawa na mfumu wa kijiji anavyomhukumu.

Jambo hilo lilitafutiwa dawa karibu nasi, katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, nchi ya Tanzania, kwa watu wanaosema Kiswahili. Katika miaka 2009 na 2010 wachunguzi waliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba karibu 6 katika 100 wana demensia. Kisha walitunga kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mafungu yake ni sita:

1. Mzee anaelezwa maneno kumi, na baada ya mambo mengine anaulizwa anakumbuka mangapi.
2. Anaulizwa leo ni siku gani ya juma.
3. Anaulizwa jina la mkubwa wa pale, kama vile chifu wa kijiji.
4. Anataja nyama wengi kadiri anavyoweza katika dakika moja.
5. Anaeleza kitu kama daraja ni nini.
6. Anapanga vijiti vinne vya kibiriti kwa umbo alilotangulia kuonyeshwa.

Tazameni hekima ya vijiti vile. Asiyejua kalamu anajua kibiriti. Mkono wake hauoni haya, na akili yake inaonekana yenyewe. Maksi zote ni 15. Anayepata 10 na zaidi, hakuna mashaka makubwa. Anayepata 8 au 9, mashaka yapo. Anayepata 7 au chini, inafaa achunguzwe vizuri na mganga. Nako Kinshasa, Profesa Jean Ikanga na wenzake wametengeneza vipimo vinavyotumia hadithi, mithali na picha za vitu vya Afrika, kwa sababu ile ile.

Tena lugha ina uzito. Mzee aulizwe katika lugha ya moyo wake, Kifuliiru au Kirundi, ikiwa Kiswahili ni lugha yake ya soko tu. Asiyehesabu siku kwa kalenda hujua siku ya soko na siku ya Misa.

III. Kipimo si hukumu

Hapa naomba msikilize sana. Kipimo kinaonyesha mashaka, hakitoi jina la ugonjwa. Yako mambo mengi yanayofanana na demensia, na mengine yanapona.

Kwanza, ukiona mzee amechanganyikiwa ghafula, leo hajui watu aliowajua juzi, usingoje. Labda ni malaria, labda ugonjwa wa mapafu au wa mkojo, labda amekosa maji mwilini. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Pili, huzuni kubwa inaziba akili. Katika bonde letu kuna wazee waliofukuzwa na vita mara nyingi, waliozika watoto wao wenyewe. Mtu wa namna hiyo anaweza kunyamaza na kusahau kwa sababu moyo umevunjika. Naye anahitaji kutunzwa, lakini kwa njia nyingine.

Tatu, asiyesikia vizuri anajibu vibaya, na asiyeona hawezi kupanga vijiti. Nne, pombe, kaswende ya zamani, ukimwi, kukosa vitamini fulani, kuanguka na kupigwa kichwa, hata dawa zinazonywewa bila ushauri, zote zinaweza kuharibu akili. Mganga ndiye wa kuyatenganisha mambo hayo.

IV. Kazi ya katekista na ya shirika

Katekista si mganga, naye asijifanye mganga. Lakini anawaona wazee kuliko mganga anavyowaona. Yeye ndiye anayeona kwamba mama aliyejua sala zote sasa anapotea katikati ya «Salamu Maria». Basi afanye hivi.

Aulize jamaa, tena kwa faragha: mabadiliko yalianza lini? Yalikuja ghafula au pole pole? Ni kazi gani ambayo mwaka jana aliifanya na leo hawezi? Majibu ya anayeishi naye yana faida kama kipimo chenyewe. Aandike machache, ampeleke mzee pamoja na mtoto wake kwenye kituo cha afya, na damu ipimwe kama imepanda. Njia ikiruhusu, Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Karita, kinachotunza wagonjwa wa akili.

Asiwaulize wazee maswali hayo mbele ya watu, kama mtihani wa ubatizo. Aibu ya mzee ni kidonda. Tena asieneze neno «demensia» kijijini kabla mganga hajasema, maana jina jipya nalo linaweza kuwa fimbo.

Wengine watauliza, «Ikiwa demensia haina dawa ya kuiponya, kuitambua mapema kuna faida gani?» Faida ziko nyingi. Jamaa wanaacha kugombana na mgonjwa. Wanajua kumfungia moto na kumlinda usiku. Mambo ya shamba na ya urithi yanatengenezwa wakati mzee angali anaelewa, kabla mtu mwerevu hajashika kidole chake na kukigandamiza juu ya karatasi. Kule Hai, wagonjwa waliokusanywa katika vikundi kwa mazungumzo na mazoezi ya akili walipata nafuu kidogo. Na wanashirika wetu wanaweza kumtembelea, kumwimbia nyimbo za ujana wake, kumpa kazi ndogo ya kuchambua maharage. Nyimbo na sala za utoto mara nyingi hubaki wakati mengine yamekwisha kwenda.

V. Neno kwa mapadri

Padri asimnyime mzee huyo sakramenti kwa haraka. Akija kuungama mara mbili dhambi ile ile, asimkemee. Juu ya Mpako wa wagonjwa, Kanuni 1005 inatufundisha kwamba tukiwa na mashaka kama mgonjwa amefikia umri wa kutumia akili, kama ugonjwa wake ni wa hatari, au kama amekwisha kufa, sakramenti itolewe. Na Kanuni 1006 inaonyesha kwamba aliyeitamani, hata kwa njia isiyo wazi, wakati akili yake ilikuwa nzima, anastahili kuipata. Mama aliyekuja Misa miaka hamsini ametuonyesha wazi alichotaka.

Tena padri afundishe hadharani, katika mahubiri, kwamba kusahau si uchawi. Asingoje mpaka umati umekusanyika mbele ya nyumba ya mama mzee, maana saa ile wachache tu watasikiliza. Afundishe sasa, watu wakiwa wametulia, na katekista alirudilie fundisho hilo katika kila shirika. Kisha, siku watu watakaposema kwa sauti ya chini juu ya koko fulani, apatikane angalau mkristu mmoja wa kuuliza, «Je, mmekwisha kumpeleka kwa mganga?»