Kukisia Wengi kwa Kuhesabu Wachache

Mnamo mwaka 1802, mwanahisabati Pierre-Simon Laplace, aliyetaka kujua idadi ya watu wa Ufaransa bila ya kuitwisha dola taabu na gharama ya kuhesabu kila nyumba, aliishawishi serikali ihesabu watu katika baadhi tu ya miji na vijiji vya mikoa 30 iliyotapakaa nchini, mahali ambapo mameya walisifika kwa uangalifu wao. Humo walipatikana watu 2,037,615, na daftari za vizazi za miaka mitatu zikaonesha wastani wa watoto 71,866 kwa mwaka. Yaani kila mtoto aliyezaliwa alilingana na watu 28 na kitu. Madhali vizazi vya nchi nzima vilikisiwa kufikia milioni moja kwa mwaka, ilimbakia kuzidisha tu, akapata watu zaidi ya milioni 28.

Hekima yake ilikuwa kuegemeza lisilojulikana juu ya lijulikanalo. Sampuli yoyote, hata iliyochaguliwa kwa kura ya haki, yamkini ikaangukia wakubwa wengi au wadogo wengi kupita kiasi, na wastani wake ukapotoka. Tuseme afisa wa kilimo ataka kujua wastani wa mavuno ya mkulima mmoja wilayani, na sampuli yampa magunia 40 ya mahindi. Lakini wakulima aliowapata wana wastani wa eka 5, ilhali daftari la ardhi lasema wastani wa wilaya ni eka 4. Uwiano wa sampuli ni magunia 8 kwa eka. Basi kwa eka 4, kadirio lililo bora ni magunia 32. Hakuongezwa mkulima hata mmoja.

Sharti la njia hii ni kwamba mavuno na ukubwa wa shamba vipande na kushuka pamoja. Uhusiano ukiwa dhaifu, afadhali wastani wa kawaida. Fauka ya hayo, kadirio la uwiano huelemea upande mmoja kidogo, ila kasoro hiyo hufifia kadiri sampuli inavyokua.

Maarifa yaliyotangulia hufaa hata kabla ya kumhoji mtu wa kwanza. Mwaka 1934 Jerzy Neyman, mtakwimu Mpolandi, alibainisha kuwa watu wakigawanywa katika matabaka, sampuli isigawiwe kwa kufuata wingi wa watu peke yake, bali tabaka lenye watu wanaotofautiana mno lipewe fungu kubwa zaidi, na lenye wanaofanana litosheke na wachache.

Kwa hiyo msomaji aletewaye wastani gazetini asiulize tu ni wangapi waliohojiwa. Aulize pia kadirio limeegemea daftari gani, la mwaka gani, kwani daftari bovu huipotosha hata sampuli njema.