Neno "Cascade" na Uzito wa Kitenzi Kuporomoka

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomhadaa mfasiri kwa wepesi wake wa nje ni "cascade". Afunguapo kamusi huona kwamba maana yake ni maporomoko ya maji, naye huandika "maporomoko" na kuendelea na kazi yake. Kwa mwandishi wa habari za utalii fasiri hiyo yatosha. Lakini neno hilo halikai tena mtoni tu. Limeingia katika umeme, utabibu, ualimu na utawala, na huko kote halichukuliki kwa neno moja la Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha linavyotumika katika sentensi, na kwa nini hatuna budi kukipima kitenzi chetu cha kuporomoka kabla ya kukitwika mzigo huo.

Kiingereza kililipata neno hili katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kimelichukua kutoka Kiitaliano, "cascata", litokanalo na kitenzi "cascare", yaani kuanguka. Jirani yake ni "waterfall", ambalo aghalabu ni nomino tu, hutaja mahali maji yaangukapo. "Cascade" ni nomino na pia ni kitenzi, na ndani yake mna wazo la ngazi: maji huanguka, hutua, kisha huanguka tena. Kwa hiyo Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, ni mfano mzuri wa neno la jirani. Maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, ambayo ni saba yaliyofuatana katika Mto Lualaba, yanalikaribia zaidi wazo la ngazi.

Kiswahili hakitenganishi mambo hayo mawili kwa nomino. Utajiri wetu umo katika vitenzi. Maji ya kijito hutiririka; ya chemchemi hubububujika yakitoka chini; yaliyozidi chombo humwagika; jasho huchuruzika; watu humiminika uwanjani kama maji. Kuporomoka ni jambo jingine. Kitu kinachoporomoka hushuka kutoka juu kwa wingi na kwa kishindo, na mara nyingi hakirudi tena mahali pake. Ukuta huporomoka, mlima huporomoka, bei ya kahawa huporomoka na mkulima akalala njaa. Ndiyo sababu katika lugha yetu haifai kuliacha neno "maporomoko" peke yake. Mnamo Desemba 2023, pale tope na mawe ya Mlima Hanang vilipoufunika mji wa Katesh na kuua watu wengi, magazeti yaliandika "maporomoko ya tope", na hakuna msomaji aliyefikiria mandhari ya kupendeza. Kuongeza "ya maji" si urembo wa sentensi. Ni sehemu ya istilahi yenyewe.

Sasa tuuangalie mto wenye "cascade" iliyojengwa na binadamu. Katika Mto Tana nchini Kenya kuna vituo vitano vya umeme vilivyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yaliyozungusha mitambo ya Masinga huzungusha ya Kamburu, kisha ya Gitaru, na hivyo hivyo hadi Kiambere. Mpango huo wahandisi huuita "cascade". Ujenzi haukufuata mkondo, kwani Kindaruma, ambacho ni cha nne, kilitangulia mwaka 1968, na Masinga, kilicho juu kabisa, kikaja mwaka 1981. Lakini istilahi hufuata maji, haifuati tarehe za ujenzi.

Mfasiri aandikapo "maporomoko ya Mto Tana", msomaji atatafuta genge lenye maji yaangukayo. Kosa hilo ni dogo. Kubwa ni lile la kitenzi. Mwaka 2024, wakati wa mvua za masika, bwawa la Masinga lilijaa na kufurika, na wakazi wa bonde la Tana walihitaji maonyo ya mafuriko yaliyo wazi. Tuseme mhandisi ameandika kwa Kiingereza kwamba maji yaliyofurika yata-"cascade" katika mabwawa yote matano. Mfasiri mwenye haraka akiandika kwamba "mabwawa yote yataporomoka", amewaambia watu wa Garissa kwamba kuta zimevunjika. Watakimbia usiku na watoto mgongoni, na siku itakayotolewa onyo la kweli pengine hawatakimbia. Sentensi sahihi ipo, wala haihitaji neno jipya: "Maji yaliyofurika yatashuka bwawa kwa bwawa hadi nyanda za chini." Kwa nomino twapendekeza "mfuatano wa mabwawa". Wako wanaopenda "mabwawa ya daraja", lakini kwa mtu wa kando ya mto daraja ni la kuvukia, nasi hatuoni sababu ya kumtatiza.

Katika utabibu hatari hugeuka kichwa chini miguu juu. Mwaka 1964 makala mbili za kitaalamu zilieleza jinsi damu inavyoganda mtu akijikata. R. G. Macfarlane wa Uingereza alitumia neno "cascade". Davie na Ratnoff wa Marekani wakatumia "waterfall". Wote walimaanisha kwamba kiasili kimoja katika damu hukiamsha cha pili, cha pili kikaamsha cha tatu, na kadhalika, hata uzi wa donge ukafumika. Kimoja kikikosekana, mathalani kile cha 8, mfuatano hudhoofika na mtu huvuja damu kwa muda mrefu. Ndio ugonjwa wa hemofilia. Ajabu ni kwamba sitiari ya maji yaangukayo imetumika kueleza damu inavyoacha kutoka! Mwingereza haoni ubishi humo, maana amelizoea neno kama jina la hatua zinazofuatana. Mswahili akisoma "maporomoko ya damu" katika kijitabu cha zahanati ataona damu inayomwagika, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Hapa "mfululizo wa hatua za kuganda damu" ndio unaofaa, hata kama ni mrefu.

Je, kitenzi kuporomoka kikataliwe kila mahali nje ya mto? Hasha. Tarehe 9 Novemba 1965 swichi moja ya ulinzi katika kituo cha umeme kilicho karibu na Maporomoko ya Niagara, upande wa Kanada, ilikata njia moja ya umeme. Mzigo ukahamia njia nyingine, nazo zikazidiwa moja baada ya moja, hata watu wapatao milioni 30 wa Kanada na kaskazini-mashariki ya Marekani wakabaki gizani. Wahandisi husema kwamba hitilafu ya namna hiyo ina-"cascade". Kiswahili chaweza kusema bila aibu kwamba gridi iliporomoka, kwa sababu hapo kuna anguko la kweli. Kipimo basi si fani inayoandikiwa, bali ni kama kitu kinachosemwa kimebomoka au kimeshuka salama.

Kipimo hicho hicho kinatatua lugha ya semina. Walimu wachache hufundishwa mkoani, nao wakawafundishe wenzao wilayani, na hao wakaende katani. Waraka wa Kiingereza huuita utaratibu huo "cascade". Elimu hiyo "hushushwa ngazi kwa ngazi". Haiporomoshwi, ingawa wenye kijicho watasema kwamba ikifika katani imekwisha poromoka.

Nywele na vitambaa hazitusumbui. Mwandishi wa riwaya akikuta nywele zina-"cascade" mabegani, aseme zimemteremkia au zimemwagika mabegani. Zikiporomoka, bibi huyo apelekwe hospitali.

Yanabaki majina ya mahali. Milima ya Cascade, huko magharibi ya Marekani, iliitwa hivyo kwa sababu ya maporomoko yaliyokuwa katika Mto Columbia, ambayo yalizamishwa na maji ya bwawa la Bonneville katika miaka ya 1930. Jina la pekee halifasiriwi, nasi tuliandike kama lilivyo.